ALIMENTASIO GANI KWA MEZA YETU YA ELEKTRONIKI?



Mwezi uliopita, katika atelie yetu, mmoja wetu wa mwaka wa nne alifungua sanduku la alimentasio ya ordinatere iliyokufa. Fishi alikuwa amekwisha kuichomoa ukutani. Akajiambia: «Umeme hakuna tena.» Alipogusa ndani na kidole, alirushwa nyuma mpaka mgongo ukapiga kabati. Ni mzima, kidole tu kiliungua kidogo. Lakini tangu siku ile kuko mabishano kati yetu. Wengine wanasema: «Hivi vyombo vya sasa vinaua watu, tubaki na transfo zetu za zamani.» Wengine wanajibu: «Transfo ni mzigo wa bure, zinatoa moto tu, tuzitupe.» Naye Bwana Perefe ametuomba tumwandikie tunataka kununuliwa nini, sababu franga ni kidogo na hatutanunua mara mbili. Basi tulikaa, tukapima, tukahesabu. Haya ndiyo tuliyoyaona.

1. Kazi ya alimentasio

Umeme wa ukutani ni volti 220, na unageuka-geuka mara 50 kila segonde. Redio, amplifikatere ndogo na mafundisho yetu ya tranzista yanataka volti 5, 9 au 12, zinazokwenda upande mmoja na zisizotikisika. Alimentasio ndiyo inayotoka hapa kufika pale. Kuko njia mbili.

2. Njia ya kwanza: lineari

Hii ndiyo ile nzito tunayoijua. Transfo inapunguza volti 220 ziwe 12, tuseme. Dioda 4 zinaelekeza umeme upande mmoja. Kondensatere kubwa, ya mikrofaradi 4700 kwa mfano, inajaza mashimo kati ya mawimbi. Mwishoni regulatere, sawa vile 7805, inalinda volti 5 zisibadilike.

Juu ya nini inatoa moto? Sababu regulatere inafanya kazi kama mtu anayeshika robine ya maji: maji yakiwa na nguvu mno, yeye anakaza. Ile nguvu anayoizuia haipotei, inageuka joto. Tuhesabu. Kwenye mlango wa regulatere kuko volti 15, kwenye kutoka kuko volti 5, na tunavuta amperi 1. Volti 10 zimezuiwa. Mara amperi 1, ni wati 10 za moto. Kazi yetu imepata wati 5 tu. Katika wati 15, mbili ya tatu imepashia radiatere moto! Hapo wenzetu wanaosema ni hasara wana haki.

3. Njia ya pili: kukatakata

Hii ndiyo iko ndani ya sharjeri za telefone na ndani ya ordinatere. Haianzi na transfo. Inageuza zile volti 220 moja kwa moja kuwa za upande mmoja, na hapo zinapanda mpaka karibu volti 311 (220 mara 1,414). Kisha tranzista inafunga na kufungua, inafunga na kufungua, labda mara 100.000 kwa segonde. Vile vipande vya umeme vinapita katika transfo ndogo sana, vinanyooshwa tena na dioda na kondensatere. Chombo kingine kinachungulia volti za mwisho: zikishuka, tranzista inaambiwa ikae wazi kidogo zaidi, zikipanda, ifunge mapema.

Ginsi gani transfo inakuwa ndogo? Fikiri mtu anayevusha magunia mtoni. Akiwa na safari 50 tu, lazima mtumbwi uwe mkubwa. Akiweza kuvuka mara 100.000, hata kikombe kinatosha. Ndivyo ilivyo na transfo.

Na tena, tranzista iliyofunguka kabisa au iliyofungwa kabisa haipati moto mwingi. Ni ile inayokaa katikati, kama yule wa robine, ndiyo inaungua. Kwa hiyo alimentasio ya kukatakata inatoa karibu wati 80 mpaka 90 kwa kila wati 100 inazokula. Mwaka 1977, Marekani, Rod Holt alitengeneza ya namna hii kwa ordinatere Apple II, na kwa sababu haikutoa moto mwingi, ordinatere ile haikuhitaji vantilatere.

4. Kelele

Basi tutupe transfo? Ngoja kwanza. Chukua redio ndogo, weka mawimbi ya kati (AM), tafuta stasio iliyo mbali, kisha leta karibu sharjeri ya bei ndogo iliyo kwenye prizi. Utasikia «zzzz», na stasio inapotea. Sisi tulifanya hivi mbele ya waalimu wawili. Ile kufunga na kufungua inatupa mawimbi kila pahali, na redio inayapokea sawa vile stasio nyingine.

Hata kwenye waya, umeme wa kukatakata unabaki na mtikisiko kidogo. Kwa alimentasio za ordinatere sheria ya watengenezaji inaruhusu mpaka milivolti 120 kwenye volti 12, na milivolti 50 kwenye volti 5. Kwa ordinatere si kitu. Kwa mikrofone au redio ambayo alama yake ni milivolti chache tu, ni fujo. Lineari iliyotengenezwa vizuri inanyamaza kabisa.

5. Umeme ukishuka jioni

Wa enterna wote wanajua: saa moja ya jioni ampuli zinakuwa nyekundu. Siku moja tulipima volti 150 kwenye prizi ya atelie. Tuone yule mwenye transfo ya volti 9 na 7805. Zile 9 zinakuwa 6,1. Kwa kilele ni 8,7, dioda zinakula 1,4, inabaki 7,3. Lakini 7805 inataka karibu volti 7 mlangoni, na kati ya wimbi na wimbi kondensatere inashuka labda volti 1 nzima. Basi regulatere inashindwa, na kipaza sauti kinaanza kunguruma. Kumbe redio haikuharibika!

Ile ya kukatakata iliyoandikwa «100-240 V» haijali. Ikiwa 150 ao 220, inatoa volti zake zilezile.

6. Batri na pano ya jua

Siku umeme hauko, tunatumia batri ya volti 12. Tukitaka volti 5, amperi 1, kwa njia ya 7805, batri inatoa amperi 1 nzima: wati 12 kwa kazi ya wati 5. Tukitumia kadi ndogo ya kukatakata, sawa vile ya LM2596, inakula wati 6 na kidogo, ni kusema nusu ya amperi tu. Batri moja inadumu karibu mara mbili. Hapa hatukubishana tena: kwa batri, njia ya pili inashinda.

7. Hatari, na kilichompiga mwenzetu

Sikilizeni vizuri hapa, zaidi ninyi wa mwaka wa kwanza na wa pili. Ndani ya alimentasio ya kukatakata kuko kondensatere inayobeba zile volti 311. Ukichomoa fishi, yenyewe inaweza kubaki imejaa, zaidi kama chombo kimekufa, sababu hakuna tena kitu cha kuimaliza. Ndiyo iliyomrusha mwenzetu. Transfo ya zamani nayo inaua upande wa 220, lakini fishi ikichomolewa, kinachobaki katika kondensatere yake ni volti 15 au 20 tu.

Kuko hatari nyingine. Alimentasio ya ordinatere inaweza kutoa amperi 20 au zaidi kwenye volti 5. Ukikosea waya, chombo chako kinatoa moshi mbele hujasema «simamisha». 7805 inajizuia yenyewe: ikizidi amperi inapunguza, ikipata joto mno inajifunga. Kwa mtu anayejifunza, ni kama mwalimu mpole.

Basi tumekubaliana sheria hizi:
a) Mwanafunzi hafungui alimentasio ya kukatakata peke yake, hata ikiwa haiko kwenye prizi.
b) Kama mwalimu ameruhusu, tunapima kwanza kondensatere kwa multimetre, na mwalimu anaimaliza na rezistansi, si na turnavisi.
c) Kwenye kila waya unaokwenda mezani tunaweka fizible ndogo.

8. Shauri letu kwa Bwana Perefe

Hatuombi transfo mpya, na hatuombi kutupa za zamani. Transfo 2 tulizo nazo zibaki kwa kazi ya redio, ya mikrofone, na kwa wale wanaoanza. Tunaomba kununuliwa sanduku moja la kukatakata, lililofungwa, la volti 12, amperi 5, lenye kuandikwa 100-240 V. Litatumika kwa ampuli, kwa motere ndogo, na jioni umeme ukishuka.

Tena kuko njia ya kuzioanisha. Nyuma ya sanduku lile tutasude LM317, ambayo ni lineari inayoweza kugeuzwa. Kutoka 12 itatupatia volti 1,25 mpaka karibu 9. Ile ya kwanza inafanya kazi nzito bila moto mwingi, ya pili inasafisha. Lakini LM317 peke yake haizuii kelele za juu sana. Mbele yake tutaweka bobine ndogo na kondensatere.

Mwenzetu aliyerushwa ndiye aliyechora plani yake. Anasema anataka kuimaliza kwa mkono uleule.

ZOEZI. Redio ya volti 9 inavuta amperi 0,5. Tunaitoa kwenye batri ya volti 12 kwa regulatere 7809. Wati ngapi zinageuka moto? Kwa hasara ile, inafaa kununua kadi ya kukatakata na kuvumilia kelele yake? Andika hesabu yako na sababu, uweke katika sanduku la buleteni mbele ya Ijumaa. Majibu mazuri tutayatoa katika namba inayofuata.

Sisi wa Kundi la Elektroniki