Mwanga wa kimulimuli unavyosaidia kutafuta dawa mpya za malaria

Wengi wetu tumemwona kimulimuli usiku, hasa kipindi cha mvua, akiwaka na kuzimika kwenye majani. Mwanga ule ule sasa unatumika maabara kutafuta dawa, zikiwemo za malaria. Huku kwetu Mwenge, ambako bado tunapokea wagonjwa wa homa kliniki, ni vizuri tukajua dawa inaanzia wapi kabla ya kufika dirishani.

Mwanga unatoka wapi?

Mwilini mwa kimulimuli kuna kimeng'enya kiitwacho lusiferesi. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani mwilini, kama vile vimeng'enya vya mate vinavyoanza kuvunja wanga wa ugali ukiwa bado mdomoni. Lusiferesi huunganisha kemikali iitwayo lusiferini na oksijeni, kwa kutumia ATP, yaani nishati iliyomo ndani ya kila seli hai. Hapo ndipo mwanga unapotokea.

Mwaka 1947 mwanasayansi William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alionyesha kuwa bila ATP mwanga hauwaki. Alikuwa akiwalipa watoto wa Baltimore senti 25 kwa kila vimulimuli 100 waliowakamata. Mwaka 1985 watafiti walifanikiwa kunakili jeni ya kimeng'enya hiki, hivyo maabara hazikuhitaji tena kuwategemea wadudu.

Kinapimaje dawa?

Watafiti huingiza jeni hiyo ndani ya kimelea cha malaria. Kimelea kikiwa hai hutengeneza lusiferesi, na ukiongeza lusiferini kinatoa mwanga. Kikifa, mwanga unapungua hadi kupotea. Vimelea huwekwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vingi vidogo, kila kishimo na kemikali yake, kisha mashine inasoma mwanga. Kazi ambayo kwa darubini ingechukua miezi inafanyika kwa muda mfupi.

Mwaka 2018 timu ya Elizabeth Winzeler wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilitangaza kuwa imepima kwa njia hii kemikali zaidi ya 500,000. Walitumia vimelea vya malaria ya panya vikiwa ndani ya seli za ini, hatua ambayo mtu bado hajaanza kuumwa. Baada ya mchujo zilibaki zaidi ya 600 za kuendelea kuchunguzwa.

Mwanga ukizimika, kimelea kimekufa?

Si lazima. Kuna kemikali zinazozuia lusiferesi yenyewe huku kimelea kikiwa kizima. Nyingine ni sumu inayoua hata seli za binadamu. Ndiyo maana kila kemikali inayofanya vizuri hurudiwa kwa vipimo vingine, kisha kwa wanyama, na mwisho kwa watu wanaojitolea. Nyingi hukwama njiani. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza dawa "iliyothibitishwa maabara", muulize imejaribiwa kwa watu au kwenye sahani tu.

Kwa nini inatuhusu?

Tunatibu malaria isiyo kali kwa dawa mseto ya ALu. Lakini utafiti uliofanyika Karagwe, mkoani Kagera, na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha vimelea ambavyo artemisinini, sehemu muhimu ya dawa hiyo, inachelewa kuviondoa. Rwanda na Uganda walishaona hali hiyo kabla yetu. ALu bado inatibu, ila dawa mpya huchukua miaka mingi kupatikana, kwa hiyo tuliyonayo tuitunze:

- Pima kwanza. Si kila homa ni malaria.
- Maliza dozi yote: mara 6 ndani ya siku 3. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni.
- Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, ili dawa ifyonzwe vizuri.
- Usimgawie jirani vidonge vilivyobaki. Vikibaki, maana yake dozi haijaisha.
- Homa ikiendelea baada ya siku 3, au mtoto akipata degedege, akitapika kila kitu au akishindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya haraka.

Siku ya pili homa ikishuka, mama wengi huweka vidonge kabatini. Kumbuka ile sahani ya maabara: mwanga kuzimika si ushahidi kwamba kimelea kimekufa, na homa kushuka vilevile si ushahidi kwamba vimelea vimeisha.