Paka Katika Nyumba ya Kupanga

Ndugu Waislamu, nyumba nyingi za miji yetu ya pwani zina ukumbi mmoja katikati, vyumba huku na huku, na jiko na choo vya shirika uani. Katika nyumba kama hiyo, mwenye chumba kimoja akifuga paka, ni kama wote wamefuga. Basi tumeona yafaa tuzikumbushe haki tatu ambazo mpangaji yampasa azijue kabla hajamleta paka: haki ya paka, haki ya jirani, na haki ya mwenye nyumba.

Dini yetu haikumfukuza paka. Sahaba Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu hata akanywa. Mkaza mwanawe, Kabsha, alipostaajabu, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha ya kwamba paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Lakini mkojo na mavi yake ni najisi, na hapa ndipo wengi hughafilika.

Ama haki ya paka, Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abdallah bin Umar (r.a.) habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie. Natutazame basi hali zetu. Yuko mpangaji aendaye kazini alfajiri, akafunga mlango, na paka akabaki ndani hata usiku bila maji. Yuko na ahamaye nyumba, akamtia paka guniani akamtupa sokoni. Paka aliyezoea sahani hajui kupigania vichwa vya samaki na paka wa soko. Huyo naye ameachwa afe, ingawa mlango haukufungwa.

Ama jirani, samaki wake aliyewekwa jikoni ni mali yake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kuwa paka aliyejulikana kwa kuharibu chakula au kuua ndege wa watu, mwenyewe hulipa, ikiwa ni mchana au usiku. Kwa hiyo neno la kusema, "Paka hana akili," halimtoi mtu katika deni. Tena wako ambao manyoya ya paka huwaletea chafya na pumu. Mwenye kufuga na amwekee paka wake karai la mchanga, alisafishe kila siku, wala asiuache uani ambapo watu hutawadha ukachafuka.

Ama mwenye nyumba, sharti lake ni sharti. Qurani katika Suratul Maida, aya ya 1, inatuamuru kutimiza mapatano. Akisema hataki wanyama, nasi tukakubali na tukapokea ufunguo, tumefungika. Twasikia wako wanaomficha paka mvunguni siku ya kodi, na watoto huamrishwa waseme hapana paka. Enyi wazazi, mtoto afunzwaye leo kumficha paka, kesho atatuficha nini? Na ikiwa idhini imetolewa, kisha paka akakwaruza mlango, ni juu yetu kuutengeneza kabla ya kurudisha ufunguo.

Vijana wetu, huruma yenu kwa paka wa njiani ni njema, lakini ombeni ruhusa kwanza. Paka jike hubeba mimba kwa muda wa wiki 9 tu, naye huweza kuzaa kabla hajatimiza mwaka; chumba kimoja hujaa upesi. Mkikataliwa, mpeni chakula na maji nje pasipomuudhi mtu; sadaka hiyo haihitaji idhini ya chumba. Na mwenye paka akilazimika kuhamia nyumba isiyomruhusu, na amtafutie mlezi mwaminifu kabla ya kufunga mizigo yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake na uaminifu katika ahadi zetu. Amin.