F1 Haitibu Joto

Kompyuta nyingi ninazoletewa hapa Kariakoo ni mitumba, zimetumika maofisini ng'ambo kwa miaka kabla ya kupanda meli. Malalamiko ya wateja hufanana: ukiiwasha, yanatokea maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, "CPU Over Temperature Error", kisha unaambiwa ubonyeze F1. Watu hubonyeza, kompyuta inawaka, wanaendelea na kazi. Nawasihi wasifanye hivyo. Onyo hilo linasema prosesa imepata joto kupita kiasi, na wakati linapotokea ni nusu ya jibu.

Maandishi hayo hayatoki kwenye Windows. Yanatoka kwenye BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye madabodi, ambayo huamka kwanza na kukagua vifaa. Huangalia kipimajoto kilichomo ndani ya prosesa. Joto likivuka kikomo, inasimama na kukuarifu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni hili: mashine ilikuwa imepumzika? Kama ilifanya kazi mchana, ikajizima yenyewe, na onyo likaja ulipoiwasha tena, joto lilijikusanya kazini. Nikifungua, mara nyingi nakuta vumbi limeziba hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa, au feni imechoka. Lakini kama ililala usiku kucha imezimwa, na asubuhi inalalamika papo hapo, vumbi peke yake si maelezo ya kutosha. Prosesa haijafanya kazi yoyote ya maana, ila joto lake halina pa kutokea. Hapo natazama kama feni inazunguka, kama hitisinki imelegea, na kama pesti imekauka.

Pesti hiyo ni laini kama dawa ya meno, na hupakwa kati ya prosesa na hitisinki. Nyuso mbili za chuma, hata ziking'aa, zina vishimo vidogo vinavyobaki na hewa, na hewa hupitisha joto kwa shida. Pesti huvijaza. Ikikauka, joto linabaki kwenye prosesa. Ndiyo maana BIOS inaweza kuonyesha nyuzi 90 huku hitisinki ikiwa baridi ukiigusa baada ya kuzima na kuchomoa waya wa umeme. Kuongeza feni hapo ni kupoza chuma ambacho tayari ni baridi.

Tiba yake si ngumu. Puliza vumbi huku umeishika feni kwa kidole isizunguke. Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, kaza skrubu kwa kupishana pembe. Kisha ingia BIOS, sehemu ya kufuatilia vifaa. Kompyuta ya mezani iliyotulia husoma takriban nyuzi 35 hadi 55. Januari, Dar ikifukuta, usitarajie namba ndogo sana, kwani feni haiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba.

Prosesa za leo hujilinda. Nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100, na nyingi za AMD Ryzen zikifika 95, hupunguza mwendo. Joto likizidi tena, mashine inajizima. Haikuwa hivyo daima: mwaka 2001 watu wa tovuti ya Tom's Hardware waliondoa hitisinki kwenye prosesa ya AMD Athlon ikiwa kazini, nayo ikaungua papo hapo. Kinga hiyo inaokoa prosesa, haiokoi hesabu za mwezi ambazo hukuzihifadhi.

Wapo wanaoniomba niizime ile arifa ndani ya BIOS. Sikubali. Ukienda kwa fundi, mweleze onyo lilikuja mashine ikiwa imelala au imetoka kazini, na BIOS ilisoma nyuzi ngapi. Kwa majibu hayo mawili, ataanza na pesti na feni kabla hajakutajia bei ya prosesa mpya.