Skani ya Mimba: Mwangwi Unaomwona Mtoto Tumboni

  Leo tunazungumza juu ya skani, ile mashine ambayo wengi wetu huiita "picha ya mtoto".

Kliniki, mama wajawazito huniuliza: "Sista, hiyo picha haitamchoma mtoto?" Wengine wameambiwa kuwa ni kama eksirei ya kifua, kwa hivyo hukaa nyumbani mpaka mwezi wa nane. Wengine nao, wakishapigwa skani mara moja, huona hawana haja ya kurudi kliniki. Mawazo haya yote mawili ni ya hatari. Hebu kwanza tuelewe mashine hii inavyofanya kazi.

Skani ni sauti

Ukisimama ng'ambo ya kilima kule Mbooni na kumwita mtoto kwa nguvu, sauti yako hugonga mwamba na kukurudia. Huo ndio mwangwi. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde moja. Ikikurudia baada ya sekunde moja, basi mwamba uko umbali wa mita 170 hivi, kwa sababu nusu ya muda sauti ilikuwa ikienda na nusu ikirudi. Popo hutumia njia hiyo hiyo kuwinda wadudu gizani.

Skani pia hutumia mwangwi. Sauti yake ni nyembamba mno hata sikio la binadamu haliisikii. Sisi husikia mitetemo isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde. Skani ya mimba hutumia mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde.

Ilitoka wapi?

Mashine hii haikuanzia hospitalini. Ilianzia vitani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914, nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli nyingi. Serikali ya Ufaransa ilitaka njia ya kuziona nyambizi hizo chini ya maji. Mwanafizikia Paul Langevin akafanya utafiti huo kwa ajili ya jeshi la majini. Alitumia jiwe liitwalo kwatzi. Tangu mwaka 1880, ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, walikuwa wameonyesha kwamba jiwe hilo likibanwa hutoa umeme. Langevin alilipitishia umeme likatetemeka na kutuma sauti majini, kisha mwangwi uliporudi likaugeuza kuwa umeme tena. Mwaka 1918 waliweza kupata mwangwi wa nyambizi.

Baadaye viwanda vilichukua ujuzi huo kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma. Huko Glasgow, Scotland, daktari wa uzazi Ian Donald akajiuliza: kama sauti inaona ufa ndani ya chuma, je, haiwezi kuona uvimbe ndani ya tumbo? Mwaka 1955 alipeleka uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa kiwandani ukapimwe. Yeye, daktari John MacVicar na fundi Tom Brown wakatengeneza mashine yao, na mwaka 1958 wakatangaza matokeo. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mama aliyedhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ilionyesha ni mfuko mkubwa wa maji kwenye ovari. Alipasuliwa, akapona.

Inavyofanya kazi

Muuguzi au daktari hukupaka mafuta mazito ya baridi tumboni. Kazi yake ni kuondoa hewa, maana hewa huzuia sauti kuingia. Mimba ikiwa changa unaweza kuambiwa unywe maji mengi bila kwenda haja ndogo, kwa sababu sauti hupita vizuri katika kibofu kilichojaa.

Kifaa kinachoshikwa mkononi hutuma sauti fupi fupi na kusikiliza mwangwi. Ndani ya mwili sauti huenda karibu mita 1,540 kwa sekunde. Kufika sentimita 10 na kurudi huchukua sehemu 13 hivi tu kati ya 100,000 za sekunde. Mashine hupima muda huo. Mwangwi unaotoka mbali hurudi ukiwa dhaifu, kwa hivyo mashine huukuza zaidi. Kisha hupanga kila mwangwi kama doa kwenye kioo. Mfupa hurudisha sauti nyingi, hutokea mweupe. Maji hayarudishi, hutokea meusi. Madoa hayo yote pamoja ndiyo picha unayoonyeshwa.

Kwa hivyo, mama, skani haitumii miale ya eksirei. Haijaonekana kumdhuru mtoto inapotumiwa na aliyesomea kazi hiyo, kwa sababu ya kiafya. Lakini si mchezo. Usipigwe mara kwa mara kwa sababu tu unataka kujua ni msichana au mvulana.

Inatusaidia nini?

Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apigwe skani moja kabla ya wiki 24, yaani kabla ya kumaliza mwezi wa sita. Mapema hivyo, skani hukadiria umri wa mimba vizuri. Ukingoja mwezi wa nane, makadirio yanaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu, na hapo ni vigumu kujua kama mtoto amechelewa au ni mdogo tu.

Skani pia huonyesha kama una pacha, na kama mimba imekaa ndani ya kizazi au nje yake. Huonyesha vilevile mahali kondo la nyuma lilipo. Kondo likiziba mlango wa kizazi, mama anaweza kuvuja damu nyingi sana. Ukiambiwa mapema kwamba kondo liko chini, usiogope, maana mara nyingi hupanda kizazi kinapokua. Rudi upigwe tena karibu wiki ya 32. Likiwa bado limeziba, utajifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kutoka kijiji cha mbali huko Mutomo au Kibwezi, ni afadhali kupanga safari hiyo mapema kuliko kutafuta gari usiku damu ikitoka.

Isichoweza

Skani haipimi damu, presha wala mkojo. Haioni upungufu wa damu, malaria au virusi vya ukimwi. Tena huonyesha hali ya siku hiyo tu. Skani nzuri ya mwezi wa tano haizuii presha kupanda mwezi wa nane. Endelea na kliniki zote.

Nenda hospitali mara moja ukiona dalili hizi, hata kama skani yako ilikuwa nzuri:
- damu kutoka, hata kidogo
- kuumwa sana na kichwa au kuona kiwaa
- uso na mikono kuvimba
- degedege
- maumivu makali ya tumbo
- homa
- maji kuvuja kabla ya uchungu
- mtoto kupunguza kucheza

Mama, ukikosa hedhi nenda kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane. Uliza ni kituo gani cha karibu kina skani na gharama ni ngapi, ili muweke akiba nyumbani. Baada ya skani omba uelezwe matokeo kwa lugha unayoielewa, na karatasi uiweke ndani ya kitabu cha kliniki. Siku ya kujifungua, muuguzi atakayekupokea ataihitaji.

 Mwambie na jirani yako.