Kitanda Kimoja, Magodoro Mawili

Kabla hujamlaumu mwenzio kwamba amebadilika, hebu kwanza nyanyua shuka uangalie mnalalia nini.

Kuna kipindi katika ndoa yangu niliamini kabisa kwamba mume wangu hanitaki tena. Ulikuwa mwaka wetu wa pili Tabora. Usiku tunaingia kulala pamoja vizuri tu, lakini nikizinduka saa tisa nakuta upande wake mtupu. Mwenyewe yuko sebuleni, kajilaza chini kwenye mkeka, miguu kaipandisha juu ya kochi. Nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Joto, mama." Joto gani hilo la mwezi wa saba, wakati Tabora nzima inajifunika blanketi?

Mpenzi msomaji, mwanamke akishaanza kujiuliza maswali saa tisa za usiku, majibu yanayomjia huwa hayana heri. Niliichunguza simu yake. Nikawafikiria wafanyakazi wenzake mmoja mmoja. Nikajitazama kwenye kioo na kujiambia ni kwa sababu nimenenepa. Kumbe na yeye huko sebuleni alikuwa na yake: alidhani mimi ndiye nimemchoka, maana kila akinisogelea usiku namsukuma.

Ukweli ulitoka kwa mkwe wangu, alipokuja kututembelea. Alikaa kitandani kwetu dakika moja tu, akabinyabinya kwa kiganja, akacheka. "Wanangu, hapa hamlali, hapa mnazama." Akachukua mpini wa ufagio, akaulaza juu ya godoro kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katikati, chini ya mpini, ngumi yangu nzima ilipita bila kugusa. Godoro lilikuwa na bonde. Mume wangu ana kilo 92, mie 58. Yeye akilala bonde linaongezeka, mie nateremkia kwake kama gunia, yeye anabanwa na kiuno kinamuuma, mie namsukuma usingizini. Basi. Huo ndio "uchepukaji" wote niliokuwa nautafuta kwenye simu.

Mji wa waliolala chini

Mkwe wangu alitupa somo. Enzi za utoto wake walilalia kitanda cha kamba, kile cha "teremka tukaze". Jina lenyewe linajieleza: kamba zikilegea, mnateremka, mnazikaza, mnarudi kulala. "Ninyi," alisema, "kitanda kimelegea miaka miwili na hakuna aliyeteremka kukaza."

Na kama kuna mji unaojua thamani ya mahali pa kulala, ni huu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea kama miezi mitatu kufika hapa Unyanyembe, kabla ya kuendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu ya hapo kila mmoja alikuwa na kirago chake, ule mkeka wa kulalia njiani. Asubuhi anaukunja, safari inaendelea. Ndiyo maana hadi leo mtu akiondoka tunasema amefunga virago. Mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi kadhaa kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, virago vya njia hiyo vilianza kuwekwa pembeni.

Wapagazi hawakuwa na la kuchagua. Sisi tunalo, ila tunachagua godoro kwa haraka kuliko tunavyochagua viatu. Sie letu tulilinunua jioni moja kabla duka halijafungwa, likiwa limeviringishwa kwenye nailoni, kwa sababu moja tu: maua yake yalifanana na mapazia.

Ugumu sio dawa

Tulipoamua kununua jipya, vita ikaanza upya. Mume wangu alitaka gumu kama meza. "Mgongo unataka kitu kigumu," alisisitiza, na wengi wetu tumelelewa na imani hiyo. Mie nilitaka laini la kuzama kama hoteli.

Sote wawili tulikosea. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania na Dk. Francisco Kovacs na wenzake. Walichukua watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, nusu wakapewa magodoro magumu na nusu ya ugumu wa wastani, bila kuambiwa ni lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani ndio waliopata nafuu zaidi.

Sababu yake ni rahisi. Mwili wako haujanyooka kama ubao. Ukilala ubavu, bega na nyonga vinatakiwa vizame kidogo ili uti wa mgongo unyooke. Godoro likiwa gumu sana, bega linabanwa na mkono unakufa ganzi. Likiwa laini sana, kiuno kinatitia na mgongo unapinda kama chandarua.

Jaribio la kwanza: lala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita na kubaki nafasi kubwa, godoro ni gumu mno kwako. Kikigoma kupita, ni laini mno. Kikipita huku kinagusa juu na chini, hapo ndipo. La pili linahitaji mwenzi: lala ubavu, yeye asimame nyuma yako aangalie kama mstari wa uti umenyooka kutoka shingoni hadi kwenye mkia wa mgongo. Msione aibu kufanya hivyo dukani. Aibu ya dakika kumi ni bora kuliko kukosa usingizi miaka mitano.

Frasila moja

Kitu cha pili ni uzito. Uzito sio ugumu, msichanganye. Sponji inaweza kuwa laini na nzito, au ngumu na nyepesi. Uzito ndio unaokuambia ndani kuna sponji kiasi gani na kiasi gani ni hewa, na ile yenye hewa nyingi ndiyo inayowahi kubonyea.

Hesabu yangu hii hapa. Godoro la tano kwa sita, inchi kumi, lina ujazo wa mita 0.7 hivi. Likiwa na kilo 16, maana yake kila mita ya ujazo ina zaidi kidogo ya kilo 22. Kilo 16 ndiyo frasila moja ya zamani, nusu ya mzigo wa mpagazi! Basi mimi nimejiwekea sheria: godoro la sponji la saizi hiyo likiwa halifiki frasila, silibebi. Kwa mtu mzito, lizidi hapo. Omba lipimwe. Tabora hii muuza mchele wa jirani hakosi mzani. La kwetu la zamani tulipolipima, lilikuwa na kilo 11.

Kisha upana. Kwenye tano kwa sita, watu wawili mnagawana futi mbili na nusu kila mmoja. Huo ni upana wa godoro la bweni! Mmekuwa watu wazima, mmeoana, mnafanya kazi, halafu kila mmoja amerudi shule ya bweni. Kama chumba kinaruhusu, nendeni sita kwa sita.

Kabla hujatoa pesa

• Kagua chaga. Godoro zuri juu ya chaga tatu zilizoachana litatitia tu. Chaga ziwe karibu karibu, na katikati ya kitanda kipana pawe na mguu wa kushikilia.

• Ukifika nyumbani, vua nailoni. Wengine wanaiacha miaka ili godoro "lisichafuke". Nailoni inazuia jasho kutoka, na mwezi wa kumi hapa Tabora utajuta. Tumia kava la kitambaa linalofulika.

• Geuza godoro la sponji kila baada ya miezi michache: juu chini, kichwani miguuni. La sufi linapenda jua, lianike. La sponji lipate hewa kivulini, maana jua kali linaichosha sponji.

• Mtoto mchanga ana habari yake: yeye alale chali, kwenye godoro lililokaza, bila mto.

• Maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, usiende dukani. Nenda hospitali.

Mwisho wa vita

Bado tulikuwa na tatizo. Kilichomfaa yeye hakikunifaa mie. Kwa kilo zake 92, la wastani kwangu lilikuwa laini kwake. Fundi seremala ndiye aliyetuokoa. Tulikwenda kuagiza kitanda cha mninga, na alivyotusikia tunabishana mbele ya mbao zake akasema taratibu: "Mama, sita kwa sita si ni tatu kwa sita mbili?"

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Kitanda kimoja, magodoro mawili ya tatu kwa sita, yenye kimo kimoja. La kwake limekaza na lina kilo 13, la kwangu ni laini kidogo na lina kilo 10. Juu tumetandika blanketi moja kufunika mpaka, halafu shuka moja kubwa. Akigeuka, mie sitingishiki. Nikitaka kumfuata, navuka mpaka bila pasipoti.

Mkwe wangu aliporudi na kuona, uso ulimbadilika. "Mmetengana?" Nikamwambia, "Hapana mama. Tumeteremka, tumekaza." Alicheka mpaka akakaa chini.

Ule mkeka wa sebuleni bado upo. Siku hizi anauchezea mtoto. Lakini kinachoniuma hadi leo ni ile miezi yote tuliyolala tukihukumiana kimya kimya, kila mmoja na kesi yake, wakati shahidi alikuwa chini yetu. Kwa hiyo leo usiku, kabla hujamuuliza mwenzio ana nini, muulize amelalaje. Halafu chukueni mpini wa ufagio.