Mtoto Akikohoa, Hesabu Pumzi

Kila Juni na Julai, baridi inapokaza huku Mbulu na kwenye miteremko ya Hanang, tunaletewa watoto wengi wenye vikohozi. Vingi ni mafua tu. Kinachotutisha ni nimonia, yaani kichomi, na mama anaweza kuitambua akiwa nyumbani.

Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, shika saa, hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. (Nusu dakika hudanganya.) Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mlete. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, usingoje kuche.

Nimonia nyingi hutibika kwa amoksilini ya kuyeyusha, mara 2 kwa siku, siku 5. Homa ikishuka siku ya pili, endelea tu.

Kukata kimeo hakutibu kikohozi. Tumepokea waliokatwa, damu ikiwatoka na kichomi kikiwa palepale. Akina bibi, tunajua mnawapenda wajukuu. Wembe ule uacheni.

Kichanga chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, msimpe dawa yoyote nyumbani. Mleteni saa hiyohiyo, amefunikwa vizuri.