Nani Aone Kijiji Gani

Mwezi unapoisha, wahudumu wa zahanati katika bonde la Kilombero hufunga hesabu za vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mistari ya wagonjwa wa nje huhesabiwa, kisha wajawazito waliokuja kliniki, watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungulia kituoni. Jumla huandikwa kwenye fomu, fomu hupanda pikipiki au basi hadi ofisi ya halmashauri, na huko mara nyingi hukuta mtu mmoja, kompyuta moja na rundo la karatasi za vituo vingine. Namba zikishaingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, kazi ya kalamu ya mwezi mzima hugeuka vijiti vya rangi, mistari inayopanda na kushuka, na ramani yenye maeneo mekundu na ya kijani. Skrini hiyo ndiyo watu wa takwimu wanaiita dashibodi.

Na kila mtu anaitaka. Mganga Mkuu wa halmashauri anaitaka kabla ya kikao cha robo mwaka. Mkoa unaitaka Morogoro, TAMISEMI wanaitaka Dodoma, mfadhili anaitaka Dar es Salaam, mtafiti mwenza anaitaka Basel, Uswisi, na diwani anataka aelezwe kwa nini zahanati ya kata yake imepakwa rangi nyekundu. Njia ya mkato ya kuwaridhisha wote hao inajulikana: piga picha ya skrini, tupia kwenye grupu la WhatsApp. Picha ikishatoka hapo, aliyeituma hawezi kuirudisha, hawezi kujua imefika kwa nani, na mwezi ujao mtu ataisoma kana kwamba ni ya leo.

Usalama wa takwimu ukitajwa, wengi hufikiria mdukuzi aliyejifungia chumbani akivunja nywila usiku wa manane. Wapo, na nywila dhaifu zipo. Lakini hatari iliyo karibu zaidi na meza za Ifakara, mji wa bonde hili, haina mbwembwe hizo. Ni mtu mwaminifu, mwenye haki ya kuona kitu fulani, kupewa zaidi ya anachohitaji.

Bonde hili lina uzoefu wa kuhesabiwa unaozidi wa sehemu nyingi za Afrika. Rudolf Geigy, mwanasayansi kutoka Basel, alisaidia kuanzisha maabara ya utafiti Ifakara mwaka 1957, nayo baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1996 makarani wake walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Kila mkazi alipewa namba yake ya kudumu. Baada ya hapo makarani walirudi kila baada ya miezi minne kuuliza yaleyale: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani ameondoka. Kazi hiyo ina tabu zake. Msimu wa mpunga familia huhamia mashambani kwa wiki nyingi, karani akifika kijijini anakuta milango imefungwa, naye hana budi kuwafuata hukohuko walikojenga vibanda vyao.

Faida ilionekana mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET uliuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu. Kwa kuwa kila mtoto alikuwa kwenye daftari, watafiti waliweza kulinganisha waliolala ndani ya chandarua na wasiolala, na mwaka 2001 wakachapisha kwamba vyandarua hivyo viliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Asilimia hiyo ilisomwa dunia nzima. Majina ya watoto hayakusomwa popote, na hayakuhitajika.

Kabla neno dashibodi halijazoeleka, mkoa wa Morogoro ulikuwa tayari umeonja nguvu ya mchoro mmoja uliopangwa vizuri. Mradi wa TEHIP, uliofanya kazi na halmashauri za wilaya za Morogoro na Rufiji kuanzia katikati ya miaka ya 1990, ulichukua takwimu za vifo kutoka kaya zilizokuwa zikifuatiliwa na kuzipanga ili ionekane ni magonjwa gani yanayokula miaka ya watu. Kando yake ukawekwa mgawanyo wa fedha. Kwa Morogoro ilionekana kwamba malaria inachukua karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, ilhali bajeti ya afya ya 1996 iliitengea asilimia 5. Mchoro wa aina hiyo hauhitaji mtaalamu wa kuutafsiri. Halmashauri zilianza kuhamisha fedha kwenda kwenye magonjwa yanayoua zaidi, na katika miaka michache iliyofuata vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Michoro ile ilichapwa kwenye karatasi, na karatasi ina kinga moja ambayo hakuna aliyeipanga: haibonyezeki. Mjumbe wa kikao aliona wilaya nzima, basi. Dashibodi ya leo inabonyezeka. Ukigusa mkoa inafunguka halmashauri, ukigusa halmashauri inafunguka zahanati, na mifumo mingine ukizidi kugusa inakupeleka hadi kwenye mstari wa mtu mmoja.

DHIS2, yenye mizizi Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi na inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ilikuwa imefika mikoa yote ya Tanzania Bara kufikia 2013. Imejengwa kama mti: taifa, mkoa, halmashauri, kituo. Akaunti ya kila mtumiaji hufungwa kwenye tawi lake. Hapa ndipo penye ufundi ambao watumiaji wengi hawaujui. Mtengenezaji akiielekeza dashibodi imfuate anayeifungua, badala ya kuandika jina la kituo fulani, mfawidhi wa zahanati atakayeifungua ataona zahanati yake, na Mganga Mkuu wa Mkoa atakayefungua ileile ataona mkoa wake. Dashibodi ni moja, kila mmoja anaona pake. Hakuna haja ya kutengeneza nakala ishirini na kuzituma kwa barua pepe ishirini, kisha kusahau ni ipi yenye namba zilizosahihishwa.

Mfumo huo pia hutenganisha ruhusa ya kuona na ruhusa ya kuhariri, na huruhusu dashibodi ipewe kundi la watumiaji, kwa mfano waratibu wa chanjo peke yao. Tatizo ni uvivu wetu sisi binadamu. Kuchagua kundi kunataka dakika tano. Kuruhusu wote kunataka mguso mmoja. Mwaka 2021 kampuni ya UpGuard ilieleza kwamba rekodi milioni 38, zikiwemo za ufuatiliaji wa UVIKO-19 katika majimbo ya Marekani, zilikuwa wazi mtandaoni kupitia tovuti zilizotengenezwa kwa Power Apps ya Microsoft. Hakuna aliyevunja mlango. Mpangilio wa mwanzo wa programu uliacha orodha hizo zisomeke na yeyote, na watengenezaji hawakuubadilisha. Microsoft ikaubadilisha baadaye.

Ila hata mti wenye matawi yaliyofungwa vizuri hautatui ugumu mkubwa zaidi, nao ni udogo wa namba.

Tuseme dashibodi inaonyesha wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliogundulika na VVU mwezi Machi, kijiji kwa kijiji. Kwa mkoa wa Morogoro namba hiyo ni takwimu. Kwa kijiji kimoja cha kando ya mto inaweza kuwa 1, na 1 ni mtu. Jina halijaandikwa, lakini kijijini nani asiyejua ni binti yupi aliyepanda basi kwenda Ifakara mara tatu mwezi ule? Mwaka 1997 Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi Marekani, alinunua orodha ya wapiga kura wa Cambridge kwa dola 20, akailinganisha na takwimu za hospitali zilizoondolewa majina, na akampata gavana wa Massachusetts. Katika vijiji vya bonde hata hizo dola 20 hazihitajiki. Mjumbe wa nyumba kumi anatosha.

Kwa sababu hiyo ofisi nyingi za takwimu duniani huficha hesabu iliyo chini ya 5, nyingine chini ya 10. Ni kanuni nzuri inayoharibiwa kirahisi. Kata ina vijiji vinne. Vitatu vinaonyesha 12, 9 na 7, cha nne kimefichwa, lakini jumla ya kata imeachwa pale chini: 30. Mtoto wa darasa la nne atakwambia kijiji kilichofichwa kina 2. Anayeficha kisanduku kimoja lazima afiche cha pili, au aondoe jumla, au aunganishe vijiji viwe eneo moja. Mtakwimu anayeandaa dashibodi ya mfadhili anapaswa kukaa upande wa pili wa meza na kujaribu kuitoboa mwenyewe kabla hajaituma.

Ramani nazo zina ujanja wake. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu, ule wa 2022 ukiwemo, hausambazi mahali halisi walipohojiwa watu. Kila eneo husogezwa kwa bahati nasibu, mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi kilomita 5, na machache ya vijijini hadi 10. Mtafiti bado anaweza kulinganisha uwanda wa mto na miteremko ya Udzungwa; asichokiona ni nyumba. Taasisi zinazoshika vipimo vya mahali vya kila kaya, kama inavyokuwa kwa ufuatiliaji wa Ifakara, zina sababu kubwa zaidi ya kuvisogeza hivyo kabla ramani haijatoka ofisini.

Mfano mgumu kuliko yote bondeni uko Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ambako kliniki ya magonjwa sugu imekuwa ikihudumia watu wanaoishi na VVU tangu 2004, na wanaokubali hufuatiliwa kitafiti kwa miaka mingi katika kundi liitwalo KIULARCO. Takwimu zake zimejibu maswali kuhusu usugu wa dawa na kifua kikuu, na washirika wake wako Ifakara na Uswisi. Daktari anayemtibu mgonjwa lazima aone jina. Mchambuzi aliye Basel anahitaji namba ya siri, umri, vipimo na tarehe. Mfadhili anahitaji idadi ya waliobaki kwenye dawa. Hao ni watu watatu wenye haki, wanaostahili skrini tatu tofauti, na kumwonyesha wa tatu skrini ya wa kwanza ni kosa hata kama ni mtu mwema na amesaini kila karatasi. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa huyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye fungu la taarifa nyeti na kudhibiti usafirishaji wake nje ya nchi. Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Tafiti za afya zina kizingiti cha ziada: kupeleka takwimu nje kunahitaji mkataba unaopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.

Halafu kuna mtego wa Excel. Mchoro mzuri ndani ya faili la Excel mara nyingi hubeba mgongoni jedwali zima ulikotoka, pengine kwenye ukurasa uliofichwa. Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la kawaida la takwimu kwa kutoa faili la namna hiyo; ukurasa uliofichwa ulikuwa na majina ya ukoo, vyeo na vituo vya askari na watumishi wao wote, zaidi ya 9,000, katika nchi ambako askari bado hutafutwa wauawe. Faini ilikuwa pauni 750,000. Anayelazimika kumtumia mfadhili mchoro bila kumpa akaunti ni afadhali atume PDF yenye tarehe ya takwimu imeandikwa juu ya mchoro wenyewe, kuliko faili lenye tumbo.

Yote haya yanaweza kumfanya mtu aseme: basi tufunge kila kitu. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na TEHIP isingebadilisha bajeti yoyote kama michoro ingebaki kabatini. Zahanati inayoonekana nyekundu inapaswa kuonekana. Mfawidhi anayeona chanjo zimeshuka mwezi Februari, mvua zikiwa zimekata barabara, ana hoja ya kuomba pikipiki. Mwanakijiji aliyejibu maswali ya karani kwa miaka naye anadai kilichopatikana, na kwake bango la jumla ya kijiji kwenye ukuta wa zahanati linafaa kuliko kiungo cha mtandao.

Kinachosahaulika zaidi ni mlango wa kutokea. Miradi ya bondeni ina wafadhili wa miaka mitatu au mitano. Wafanyakazi huhama, mwanafunzi wa shahada humaliza na kurudi kwao, mtakwimu hupata kazi Dodoma na kwenda na simu ileile yenye nywila ileile. Akaunti zao hubaki, kwa kuwa hakuna aliyepewa kazi ya kuzifunga. Halmashauri au taasisi inayotaka kuanza mahali fulani, na haina fedha za mfumo mpya, inaweza kuanza na orodha ya watumiaji wake: kuichapa, kuisoma kwa sauti kwenye kikao cha robo mwaka, na kila jina liulizwe kama mwenyewe bado yupo, kama bado anahitaji kuona, na kama anahitaji kuona hadi ngazi ya kijiji. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja. Waliobaki wawekewe uthibitisho wa hatua mbili kwa simu, ambao DHIS2 inao tayari, na wageni wapewe akaunti yenye tarehe ya mwisho inayolingana na mkataba wao.

Grupu la WhatsApp halitakufa, na si lazima life. Badala ya picha, linaweza kupokea sentensi moja: dashibodi ya Machi imekamilika, ingia kwa akaunti yako.